Akiba Hii Huoza

Kuna swali ninaloulizwa kila mara: "Kaka, kurasa zote nilizifungua jana ofisini kwenye Wi-Fi, mbona leo hazifunguki?" Juzi nimeulizwa tena, safari hii na kijana aliyepanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya akiwa na vichupo 14 vya kujiandaa na usaili. Walipofika Mikumi mtandao ukakata. Akagusa kichupo cha kwanza, akakutana na yule dinosari ambaye Chrome humwonyesha mtandao ukikosekana.

Mimi nalilaumu neno. Nakala za kurasa ambazo kivinjari hutunza simuni (cache), kwenye simu za menyu ya Kiswahili zimeandikwa "akiba", na Mswahili akisikia akiba moyo unatulia: si haiozi? Hii huoza, na siku ya kuoza hupangwa na mwenye tovuti, si wewe. Kwa kawaida faili hutoka kwenye seva na agizo lake la kutunzwa. Nembo ya gazeti inaweza kuja na max-age=31536000, ambazo ni sekunde za mwaka mzima. Habari yenyewe ikaja na no-cache: itunze ukitaka, lakini niulize kabla hujaionyesha. Mikumi utamuuliza nani? Ukurasa wa benki ukija na no-store, hautunzwi kabisa. Ndiyo maana mtu hubaki na nembo, fonti na vitufe vya gazeti, akakosa hata aya moja ya habari.

"Lakini kichupo kilikuwa wazi!" Kichupo kilicho wazi kimekaa kwenye RAM. Fungua WhatsApp, fungua kamera, na simu yenye RAM ndogo inakitupa kimyakimya, inabakiza jina lake. Ukikirudia, kivinjari kinaanza kuujenga ukurasa upya. Kikipata vipande vyote humo simuni, bahati yako.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba walalamikaji hawa hawa hufuta akiba kila usiku, au wameweka programu ya "kusafisha simu", eti bando lisiishe haraka. Jamani! Picha ikiwa imeshatunzwa, kivinjari huichukua humo humo bila kwenda mtandaoni, au huiuliza seva tu kama imebadilika. Seva hujibu 304, yaani haijabadilika: jibu fupi, halina picha ndani. Wewe uliyefuta unaipakua picha nzima, leo, kesho na keshokutwa. Ni kumwaga pipa la maji kila usiku ili bili ya maji ipungue. Futa pale tovuti iliyorekebishwa inapoendelea kukuonyesha sura ya zamani, au simu inapojaa. Basi.

Unataka kusoma bila mtandao? Chrome ya Android: nukta tatu, kisha mshale wa kupakua. iPhone: orodha ya kusoma ya Safari, ukishairuhusu kwenye mipangilio itunze kurasa. Kompyuta: Ctrl+S, au chapisha kama PDF. Wikipedia: Kiwix. Wenye tovuti, jengeni service worker, hati inayoiwezesha tovuti kufunguka bila mtandao, nayo inataka HTTPS. Chrome imeipokea tangu 2015, Safari tangu 2018. Na fundi yeyote anayewauzia AppCache, njia ya zamani ya kazi hiyo hiyo, mwambieni vivinjari vimeshaiondoa.

Kisha kabla ya kutoka nyumbani, washa hali ya ndegeni, kifunge kivinjari, ukifungue tena na uutafute ukurasa wako. Usipofunguka ukiwa sebuleni, usiupandie basi.