Kompyuta moja, wapangaji wawili!

Wiki hii safu yako inaingia kwenye ile laptopu ya mtumba uliyoidunduliza miezi kibao mpaka ukaipata, na ambayo sasa imeanza kukuletea pozi.

Stori yenyewe ni hii. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Hiyo haina maana kwamba mashine imekufa, la hasha! Inawaka, inapiga muziki na kazi inaandika. Tatizo ni matundu ya usalama. Yakigundulika mapya na mashine yako haipati tena marekebisho, wezi wa mtandaoni wanakuona umelala mlango wazi.

Ukisema uhamie Windows 11, ambayo ilitoka mwaka 2021, unakutana na masharti kama ya mganga. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, memori isiyopungua gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Laptopu nyingi za zamani zinagonga mwamba hapo.

Ndipo wajanja wanapoigeukia Linux. Huyu si mgeni mjini. Alianzia Finland mwaka 1991, mikononi mwa kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Leo ina matoleo chungu nzima. Mojawapo ni Ubuntu, iliyoanza 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni ndugu wa damu wa neno letu "utu". Mwaka huohuo, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Bei ya vitu hivi? Bwerere!

Sasa uhame moja kwa moja? Usiwe na papara. Photoshop, kwa mfano, haitengenezwi kwa ajili ya Linux, na yapo magemu na programu za hesabu zinazodai Windows tu. Dawa ni kuwapangisha wote wawili. Windows inabaki kwa kazi zake maalumu, na ikiwa ni ile ya 10, iache bila intaneti. Mambo ya mtandao, benki na barua pepe unayafanyia Linux.

KABLA HUJAGUSA KITU

Kwanza, kopi mafaili yako yote kwenye diski ya nje. Picha za harusi ya dada, ripoti ya chuo, mahesabu ya duka, vyote! Kisha yafungue kwenye mashine nyingine uhakikishe yanasoma. Kopi ambayo hujaijaribu usiiamini.

Pili, angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker. Kama imefungwa, tafuta ule ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi. Mashine ikiuulizia nawe huna, utalia kilio cha mbwa mdomo juu.

Tatu, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na uzime kitu kinachoitwa Fast Startup. Kikiwa kimewashwa, Windows haizimiki sawasawa, inasinzia tu. Linux ikija kutaka mafaili inakuta mlango umeshikiliwa na mtu aliye usingizini.

KUGAWA VYUMBA

Windows ndiyo hutangulia, Linux inafuata. Ukigeuza utaratibu, Windows huja na ubabe wake na kujiweka ya kwanza kwenye kuwaka, Linux ikabaki imefichwa.

Fungua Disk Management, chagua diski C, bonyeza Shrink Volume, kisha ipunguze gigabaiti 40 au 50. Nafasi hiyo iache tupu hivyohivyo, ndicho chumba cha mgeni. Baada ya hapo pakua Ubuntu au Linux Mint kwenye tovuti yao rasmi. Faili ni la gigabaiti kadhaa, hivyo subiri bando la usiku. Liandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu iitwayo Rufus, ukikumbuka kwamba vilivyokuwemo kwenye flashi vitafutika.

Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukigongagonga F12, F9 au Esc kutegemea kampuni iliyoitengeneza. Linux itafunguka ukiwa bado hujaiingiza kwenye diski. Tumia nafasi hiyo kuijaribu. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kama kuna kinachogoma, unachomoa flashi na maisha yanaendelea.

SWALI LA KUFA NA KUPONA

Ukiridhika na kuanza kuiingiza, litakuja swali moja ambalo ndilo limewaliza wengi. Chaguo la kwanza linasema Install alongside, yaani kaa pamoja na Windows. La pili linasema Erase disk, yaani futa diski nzima. Ukibonyeza la pili kwa haraka zako, Windows, picha na ripoti vyote vinakwenda na maji. Soma mara mbili ndipo ubonyeze. Na kama umemwachia fundi wa kupiga Windows mtaani, simama pembeni yake wakati wa swali hili, hata kama ni mshikaji wako.

Kazi ikiisha, kila ukiwasha mashine utaona orodha fupi ya majina. Hiyo ni GRUB, mlinzi wa getini, anauliza unakwenda kwa nani. Chagua kwa mshale, piga Enter.

Usishangae ukirudi Windows ukakuta saa imerudi nyuma masaa matatu, saa nne asubuhi inasoma saa moja. Linux huweka saa ya mashine kwa majira ya dunia, wakati Windows huisoma kama saa ya hapa kwetu, na tofauti yetu ni masaa matatu. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye dirisha la amri la Linux, ugomvi umekwisha.

Na siku Windows ikijifanyia marekebisho kisha orodha ile ikapotea, usikimbilie kufuta kitu. Mara nyingi mafaili yako yapo salama, ni foleni ya kuwaka tu iliyobadilishwa. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, rudisha Linux mbele.

Haya, diski ya nje unayo? Kama huna, azima kwanza, Linux itakusubiri. Tukutane wiki ijayo!