Usimwage maji ya kijani kabla hujajua kuna nini ndani



Mwezi uliopita mwenzenu mmoja mwenye bwawa la sato alinipigia simu asubuhi: "Afisa, maji yamekuwa kijani kabisa. Nifungulie yote nijaze mapya?" Nikamwambia subiri kwanza, niletee chupa moja. Sikutaka kurudia kosa langu. Miaka ya nyuma niliwahi kumwambia mkulima amwage bwawa zuri kwa sababu ya rangi tu.

Bahati nzuri siku hiyo nilikuwa na miadi na wanafunzi wa kidato cha pili hapa Morogoro. Mwalimu wao wa baiolojia alitaka waone viumbe wadogo wa majini kwa hadubini. Tukapanga chupa tatu mezani: maji ya bwawa la yule kijana, maji ya mfereji wa bustani, na maji ya kisima kifupi kilicho jirani na zizi. Nikawauliza, mchicha wa kupeleka sokoni mtauosha kwa yapi? Karibu wote wakanyooshea kidole chupa ya kisima. Maji meupe peee! Binti mmoja akasema, "Hicho ndicho mama anachooshea."

Tukaanza na bwawa. Tone moja juu ya kioo, unafunika na kioo chembamba ukikilaza taratibu kutoka upande mmoja ili viputo visiingie. Anza na ukuzaji wa mara 40, ukipata kitu ndiyo upande 100, halafu 400. Anayekimbilia 400 moja kwa moja anahangaika tu, na anaweza kugonga lenzi.

Jamani, darasa lililipuka. Kulikuwa na mwani wa kila aina, mingine imeshikana minne minne kama mistari. Paramesia wanapita mbio, umbo kama kandambili. Rotifera wana vinyweleo kichwani vinavyopiga hadi unaona magurudumu mawili yanazunguka. Kuna kiroboto maji mmoja, mwili wake unapitisha mwanga, tukauona moyo wake ukidunda. Wanafunzi waligombania zamu.

Sasa hicho ndicho chakula cha samaki wako. Samadi uliyoweka imelisha mwani, mwani unaliwa na hao wadogo, na vifaranga wa sato wanakula wote. Hata sato wakubwa wanachuja mwani. Ukimwaga, unamwaga chakula ulichokwishalipia.

Lakini kijani nacho kina kipimo. Funga kisahani cheupe kwenye kijiti chenye alama za sentimita, kizamishe mpaka kipotee machoni. Kikipotea kati ya sentimita 25 na 35, uko vizuri. Kikipotea kabla ya 20, mwani umezidi. Mchana unatoa oksijeni, ila usiku nao unapumua kama samaki, ndiyo maana alfajiri unawakuta wanahema juu ya maji. Hapo simamisha samadi, punguza chakula, badilisha sehemu ya maji. Yule kijana alipima, akapata 28. Bwawa lake hakuligusa. Ila ukiona utando mzito wa kijani juu kama rangi ya mafuta iliyomwagika, usinyweshe mifugo, maana baadhi ya aina hizo zina sumu.

Kwenye mfereji tuliona paramesia wachache na viluwiluwi vya mbu. Kilichonishtua kilionekana kwa macho tu: konokono wadogo wamenasa kwenye majani. Baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba kichocho, kwa hiyo nilishavaa glavu wakati wa kuchota. Ukiingia mferejini, vaa buti.

Tukafika kisima. Tukazungusha, tukapandisha hadi 400, hakuna kitu. "Si tulisema!" wakashangilia.

Hapa ndipo nilipowasimamisha. Bakteria wa kinyesi, E. koli, ana urefu wa kama elfu mbili za milimita. Hata kwa mara 400 ni kidoa tu, huwezi kumtofautisha na vumbi. Halafu maji ya kunywa yanatakiwa yasiwe naye hata mmoja katika mililita 100. Hizo ni kama matone 2,000, na sisi tulitazama tone moja.

Nikapeleka sampuli maabara ya maji. Chupa safi wanakupa wenyewe, usiisuuze, iweke kwenye boksi la barafu, ifike siku hiyohiyo. Majibu yakarudi: bakteria wa kinyesi wamo, tena wengi.

Nilienda kwa mama yule mwenyewe. Alikasirika kidogo, akaniambia kisima hicho alikikuta kwa baba mkwe na hakuna aliyekufa. Nikamwonyesha karatasi. Siku hizi mchicha anauosha kwa maji ya bomba, ya kisima anayamwagilia chini kwenye shina bila kurushia majani, na zizi ameanza kulihamisha.