Taarifa za udanganyifu za kuhuisha majina ya vikoa

Taarifa za udanganyifu za kuhuisha majina ya vikoa ni barua au barua pepe zinazopelekwa kwa wenye biashara, shule na mashirika zikiwa na sura ya ankara, ingawa mtumaji si msajili wao. Lengo ni kumfanya mpokeaji alipe bila kuhakiki, au ahamishe jina lake kwa msajili mwingine bila kukusudia.

Jinsi usajili unavyofanya kazi

Jina la kikoa, kama vile example.com, ni anwani ya tovuti. Haliuzwi moja kwa moja, bali hulipiwa kwa kipindi, kwa.com ni mwaka 1 hadi 10. Mmiliki humlipa msajili, naye huliandikisha katika daftari kuu la kikoa husika. Daftari la .com hutunzwa na kampuni ya Verisign, na la .ke hutunzwa na KeNIC. Wasajili wa .com hupewa idhini na ICANN, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1998.

Zamani jina na anwani ya mmiliki vilionekana wazi kupitia huduma ya WHOIS. Tangu Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, taarifa nyingi za watu hufichwa. Hata hivyo tarehe ya mwisho wa usajili bado huonekana, na anwani ya biashara mara nyingi imo katika tovuti yenyewe.

Aina zake

* Ankara ya kuhuisha ambayo kwa kweli ni ombi la kuhamisha jina.
* "Tangazo la mwisho" linalouza huduma ya kuorodhesha tovuti katika injini za utafutaji. Maandishi madogo chini husema kwamba hii si ankara.
* Onyo kwamba kampuni nyingine inataka kusajili jina lako chini ya .cn au .asia, likikuhimiza ulinunue upesi.

Kesi zinazojulikana

Mwaka 2003 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni ya Domain Registry of America kwa barua za namna hiyo. Julai 2014 ICANN ilimsimamisha kwa siku 90 msajili Brandon Gray Internet Services, aliyehusishwa na barua hizo.

Namna ya kujikinga

Kwanza, andika mahali pamoja jina la msajili wako, tarehe ya mwisho na bei ya kawaida, kisha mkabidhi mhasibu nakala. Taarifa isiyolingana na kumbukumbu hiyo isilipwe. Pili, usibofye kiungo kilicho katika barua. Ingia mwenyewe katika akaunti yako kwa msajili. Tatu, acha jina likiwa limefungwa. Kuhamisha .com huhitaji msimbo wa siri, lakini kuhuisha hakuuhitaji. Anayeuomba anataka kuhamisha.

Hata hivyo, kupuuza kila taarifa nako ni hatari. Kwa kanuni za ICANN, msajili halali wa .com hukumbusha takriban mwezi 1 na wiki 1 kabla ya mwisho. Aliyemlipa mtu mwingine akidhani amehuisha anaweza kupoteza tovuti na barua pepe pamoja. Jina la .com likifutwa, kuna siku 30 za kulirejesha, kwa kawaida kwa ada kubwa zaidi. Baada ya hapo mtu yeyote anaweza kulisajili.