Kusomea Uchungaji: Njia Iliyo Mbele ya Kijana wa Kuruwitu

Kuruwitu ni mahali pa wavuvi na wakulima, kando ya bahari karibu na Vipingo, katika Kaunti ya Kilifi. Jina lake limefika mbali kwa sababu watu wake, katikati ya miaka ya 2000, walitenga sehemu ya bahari yao, yapata hekta 30, wakaacha kuvua humo hata samaki wakarudi. Na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa kwa kazi hiyo. Lakini kuna jambo jingine ambalo huzungumzwa huko, kama lizungumzwavyo kote pwani, watu watokapo kanisani siku ya Jumapili. Kijana amemaliza shule ya sekondari, naye asema moyo wake wamvuta katika kazi ya uchungaji. Baba hajui chuo kiko wapi wala ada yake ni kiasi gani. Mama ahofu kwamba mtoto atapotea miaka minne arudi hana kazi. Mzee wa kanisa amwambia aanze kuhubiri tu, kwani Roho hahitaji cheti.

Kwanza yafaa kuondoa kosa moja ambalo limewaumiza wengi. Kuingia katika chuo cha theolojia ni jambo moja, na kupewa daraja ya ushemasi au ukasisi ni jambo jingine. Chuo hufundisha, hupima kwa mitihani na kutoa shahada. Kanisa ndilo lichagualo nani atawekewa mikono, na katika Kanisa la Kianglikana uamuzi huo ni wa askofu. Kwa hiyo mtu aweza kusoma theolojia kwa ada yake mwenyewe, akashinda vizuri sana, na bado asiwe padre. Wako waliorudi nyumbani na shahada wakiwa na hasira, wakidhani wamenyimwa haki yao, kumbe hawakumwambia kasisi wao neno lo lote kabla ya kuondoka.

Elimu hii si ngeni katika pwani. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianza kazi Rabai. Baadaye, mwaka 1875, chama cha misioni cha CMS kilianzisha mji wa Frere Town, upande wa bara mkabala wa kisiwa cha Mombasa, uwe makao ya watu waliookolewa katika utumwa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi huko Waafrika wawili, William Jones na Ishmael Semler. Wote wawili walikuwa wamekamatwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakalelewa na kusomeshwa Bara Hindi kabla ya kurudishwa Afrika. Mwaka ule ule Jones alifuatana na askofu katika safari ya Uganda. Hannington akauawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia.

Mwaka 1903 palifunguliwa hapo Frere Town shule ya kuwafundisha watumishi wa Kanisa. Abiria anayetoka Vipingo kwenda Mombasa kwa matatu hupita mahali penyewe pasipo kujua: ni pale Kengeleni, penye mnara wa kengele kando ya barabara. Mwaka 1930 shule hiyo ilihamishwa Limuru, katika nchi ya baridi karibu na Nairobi. Mwaka 1955 Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti waliungana kukiendesha chuo, kikaitwa Chuo cha Muungano cha Theolojia cha Mtakatifu Paulo. Baadaye Kanisa la Reformed la Afrika ya Mashariki na Baraza la Taifa la Makanisa la Kenya wakaingia katika ushirika huo. Mwaka 2007 Serikali ilikipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, nacho sasa hufundisha pia biashara, habari na elimu nyingine. Theolojia ndiyo iliyokizaa.

Sasa, ni nani awezaye kuingia? Kwa masomo ya shahada ya kwanza, sharti la kawaida katika vyuo vikuu vya Kenya ni alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa KCSE. Masomo ya stashahada, yaani diploma, kwa kawaida huombwa C-, na ya cheti huombwa chini ya hapo. Asiyefikia C+ asikate tamaa upesi. Aliyefaulu vema katika diploma ya chuo kinachotambuliwa aweza kuombewa nafasi katika shahada, na wako makasisi wengi waliopanda kwa ngazi hiyo. Jambo lenye kuwashinda vijana wengi zaidi ni Kiingereza, kwa maana mihadhara, vitabu na mitihani ya chuo kikuu ni kwa lugha hiyo. Kijana ahubiriye vizuri kwa Kigiriama au Kiswahili hutahayari anapotakiwa kuandika kurasa kumi za Kiingereza juu ya barua ya Paulo kwa Warumi. Dawa yake ni kusoma na kuandika kila siku kabla ya kwenda, wala si kungoja afike.

Pamoja na fomu, mwombaji hutakiwa nakala za vyeti vyake na za kitambulisho, ada ya maombi, na barua za watu wamjuao. Kwa yule atakaye kutumika kanisani, barua iliyo kubwa kuliko zote ni ya kanisa lake. Njia ya Kianglikana huanzia chini: mtu humwambia kasisi wa parokia, wazee wa parokia humpima kwa mwenendo wake, kisha jina hupelekwa kwa askofu, na mwombaji huitwa kuhojiwa. Tangu mwaka 2015 Malindi imekuwa dayosisi peke yake, mbali na Mombasa, kwa hiyo mwombaji aulize kwanza parokia yake iko chini ya askofu gani. Katika mahojiano maswali hayawi ya Biblia peke yake. Huulizwa habari za nyumba yake, za madeni yake, na jinsi anavyokaa na jirani asiye wa dini yake.

Wakatoliki wana utaratibu wao. Kijana haandiki fomu kwenda seminari kwa hiari yake. Hupelekwa na askofu wa jimbo, na Malindi imekuwa jimbo tangu mwaka 2000. Husoma kwanza filosofia, kisha theolojia, kwa mfano katika seminari ya Mtakatifu Thomas wa Akwino huko Langata, na safari yote yaweza kupita miaka minane. Wapentekoste nao wana vyuo vyao, vingine vidogo vya cheti, na vingine vikubwa kama Chuo Kikuu cha Pan Africa Christian cha Nairobi.

Wasichana pia huuliza. Katika Kanisa la Kianglikana la Kenya, mwanamke wa kwanza, Lucia Okuthe, alipewa daraja mwaka 1983, na mwaka 2021 Rose Okeno aliwekwa kuwa askofu wa Butere. Darasani hakuna tofauti ya masomo wala ya mitihani.

Watu wengi hudhani kwamba katika chuo husomwa Biblia tu tangu asubuhi hata jioni. Biblia kweli ndiyo msingi, lakini husomwa kwa namna ambayo humshtua mgeni. Mwanafunzi huulizwa kitabu kiliandikwa lini, kwa watu gani, na kwa sababu gani. Hujifunza Kigiriki, ambacho ni lugha ya Agano Jipya, na pengine Kiebrania cha Agano la Kale, apate kuona mwenyewe jinsi neno moja lilivyotafsiriwa kwa njia nyingi. Husoma historia ya Kanisa, na humo hukuta ya kwamba Misri, Nubia na Ethiopia zilikuwa na makanisa karne nyingi kabla ya meli ya Krapf. Jambo hili huwapendeza vijana wa Kiafrika kuliko jingine lo lote. Hujifunza mafundisho ya imani, maadili, kuhubiri, kuongoza ibada, kuwafariji wafiwa na wagonjwa, na kutunza fedha za kanisa. Hili la mwisho lisidharauliwe, maana ugomvi mwingi wa parokia huanzia katika kitabu cha hesabu. Katika likizo hutumwa kufanya kazi parokiani chini ya kasisi mzoefu.

Dini za Kiafrika na Uislamu nazo husomwa. Limuru wana masomo ya shahada ya uzamili juu ya Uislamu na mahusiano ya Wakristo na Waislamu. Kwa mtu wa Kuruwitu elimu hiyo ina kazi kila siku: mjomba aweza kuwa Mwislamu, bibi akawa bado ashika mila za kaya, na mazishi yakawakusanya wote penye kaburi moja. Mchungaji asiyejua jirani yake aamini nini huweza kuvunja kwa hotuba ya robo saa amani iliyojengwa kwa miaka mingi.

Tena liko jambo zito zaidi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti hii hii ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wakiwa waumini waliosemekana kuambiwa wafunge hata kufa ili wamwone Mungu. Serikali iliunda jopo la kuchunguza sheria za mashirika ya dini, na elimu ya viongozi wa dini ikazungumzwa nchini kote. Ni kweli kwamba cheti hakimfanyi mtu kuwa mwema, na waovu wenye shahada wamekuwako. Lakini aliyefundishwa kusoma Maandiko pamoja na wenzake, akahojiwa na walimu, na akiwa chini ya askofu au baraza, hukutana na mtu wa kumwambia "hapo umekosea" kabla madhara hayajatokea. Ndiyo sababu neno la yule mzee, kwamba Roho hahitaji cheti, halitoshi tena katika pwani hii.

Kwa asiyeweza kuacha mashua au shamba, iko njia ya kusoma akiwa nyumbani. Mpango huo ulianzishwa mwaka 1963 na Wapresbiteri wa Guatemala, ambao waliona kwamba chuo chao kiliwafikia wachache, na viongozi wa kweli wa vijijini walikuwa watu wazima wenye watoto. Mwanafunzi hupewa vitabu, husoma peke yake jioni, kisha hukutana na mwalimu na wenzake kwa siku zilizowekwa. Mpango ulienea Afrika, na vitabu vyake vimepata kuandikwa kwa Kiswahili pia. Kwa katekista mwenye umri wa miaka arobaini, aongozaye ibada kila Jumapili huku kasisi akija mara chache, pengine njia hii yafaa kuliko kwenda Limuru. Tena watu wake hawaachwi peke yao.

Yabaki habari ya fedha, nayo ndiyo iwanyimayo wazazi usingizi. Chuo cha binafsi hakina ruzuku kubwa ya Serikali, na ada hubadilika, kwa hiyo mzazi apate karatasi ya ada ya mwaka huo kutoka chuoni kwenyewe, wala asitegemee maneno ya mtu. Mwanafunzi wa shahada aweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, lakini aelewe kwamba ni deni litakalodaiwa, na mshahara wa mchungaji wa kijijini si mnono. Dayosisi nyingine husaidia wale iliowatuma, na parokia nyingi hufanya harambee. Hapo yafaa wazee waulize mapema: je, kijana akihitimu dayosisi inayo nafasi? Aweza kupelekwa mbali, Ganze au Magarini, mahali asipopataka. Akikataa, wale waliouza mbuzi wao watasema nini?

Kabla ya kulipa shilingi moja, jina la chuo litazamwe katika orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikiwa chatoa shahada. Wako wauzao "udaktari" wa theolojia kwa mwisho wa juma mmoja hotelini, pamoja na joho na picha. Limuru hupokea wanafunzi wapya Januari, Mei na Septemba. Na fomu zifike mapema, kwa kuwa barua ya askofu huchukua muda. Atakayekubaliwa achukue sweta nzito mbili, kwani asubuhi ya Julai katika mashamba ya chai haifanani kabisa na ile ya Vipingo.