Fumba ikipata kiwanda cha nguo, ujuzi utabaki kwa nani?

Zanzibar imekuwa soko la nguo kwa karne mbili bila kuwa mshonaji mkubwa wa nguo. Katika karne ya 19 merikani, kitambaa cha pamba kutoka Salem, Massachusetts, ilishushwa Unguja na kubadilishwa kwa pembe na sandarusi, na hadi leo kanga nyingi zinazotundikwa Darajani na Mchangani zimechapwa India. Baada ya Mapinduzi serikali ilijaribu kutengeneza nguo yenyewe, na kiwanda chake cha Chumbuni kikaja kufungwa kwa miaka mingi. Mwaka 1992 ikaja sheria ya maeneo huru ya uchumi, Fumba ikatengwa, na tangu hapo kila anapotajwa mwekezaji wa nguo huzuka ubishi uleule: kiwanda kiwe cha mgeni au cha mzalendo? Naona ubishi huo umekaa pasipo pake. Mgeni huleta soko, na hilo halina shaka. Ujuzi ni jambo jingine: hautokani na jina lililoandikwa kwenye hati ya umiliki, bali na kazi anazokabidhiwa mwenyeji ndani ya kiwanda.

Tumpe mgeni haki yake kwanza. Duka kubwa la Marekani likiagiza suruali elfu hamsini linataka zote ziwe na kipimo kimoja, zifike tarehe iliyoandikwa, na kitambaa chake kiwe kimelipiwa miezi kadhaa kabla. Fundi wa Kariakoo au Mwanakwerekwe, hata awe hodari kiasi gani, hana mkopo wa kununua majora hayo wala hajulikani na mnunuzi. Kampuni yenye ofisi Hong Kong inavyo vyote viwili. Ndiyo maana Tooku, kampuni ya Kichina iliyoanza kazi Mabibo, Dar es Salaam, mwaka 2012, iliweza kupeleka jinzi Marekani chini ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu nchi kama yetu kushona vitambaa vya nchi ya tatu na kuuza bila ushuru.

Lakini kuuza nje si kujifunza. Lesotho imeshona nguo za Marekani kwa miongo kadhaa katika viwanda ambavyo vingi ni vya watu wa Taiwan. Wenyeji wamekuwa wakikata, wakishona na kupiga pasi. Bei, vitambaa na mazungumzo na mnunuzi vimebaki makao makuu ng'ambo. Huko Hawassa, Ethiopia, eneo la viwanda lilifunguliwa mwaka 2016 kwa matumaini makubwa. Vita vilipozuka kaskazini na AGOA ikawa mashakani, kampuni ya PVH ikafunga kiwanda chake hapo mwishoni mwa 2021. Sisi wenyewe tunao mfano karibu zaidi. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, ukaingiza fedha mikononi mwa wanawake wengi, na baada ya zaidi ya miaka 30 sehemu kubwa bado inasafirishwa ikiwa imekaushwa tu, ikasindikwe kwingine.

Ujuzi huhama vipi basi? Bangladesh inatupa jibu lililo wazi kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Desh, mali ya Mbangladeshi Nurul Quader, ilifunga mkataba na Daewoo ya Korea Kusini. Daewoo haikuwa mmiliki; ililipwa kwa mafunzo na kwa mauzo. Watu 130 wa Desh walipelekwa Busan kwa miezi sita, wakajifunza kushona pamoja na kupanga laini, kukagua ubora na kutafuta soko. Kufikia 1987, 115 kati yao walikuwa wameondoka Desh, wakaanzisha viwanda vyao au wakaajiriwa na wengine. Desh iliumia, nchi ikanufaika: leo Bangladesh inauza nguo za zaidi ya dola bilioni 35 kwa mwaka. Mwaka 2004 mchumi Beata Javorcik alionyesha kwa takwimu za Lithuania jambo linaloelekea huko huko: makampuni ya wenyeji yaliongeza tija pale yalipoyauzia malighafi makampuni ya ubia, na faida hiyo haikuonekana yalipoyauzia yale yaliyomilikiwa na wageni peke yao. Na hapa nyumbani, A to Z ya Arusha, mshonaji wa nguo tangu miaka ya 1960, ilipewa na Sumitomo ya Japani teknolojia ya vyandarua vya Olyset mwaka 2003, ikaja kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vyandarua Afrika.

Mtu atasema: basi tuwaachie wazalendo viwanda vyote. Urafiki, kampuni ya nguo ya Dar es Salaam, inapinga hilo. Ilijengwa kwa msaada wa China, ikamilikiwa na dola, na ilipofika 1997 ilikuwa hoi hata ikabidi asilimia 51 za hisa ziende kwa Wachina. Mzalendo asiye na soko wala mtaji wa kubadilisha mitambo hasalimiki kwa sababu ya uzalendo wake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Unguja haifai kabisa. Watu wa Zanzibar nzima hawakufika milioni mbili katika sensa ya 2022, mahoteli yanagombea vijana haohao, bandari ya Malindi ni finyu, na umeme umewahi kukatika kwa takriban miezi mitatu mfululizo kati ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010. Waya mpya wa baharini wa mwaka 2013, wa megawati 100, umepunguza hofu hiyo ya mwisho. Mengine ni kweli. Kwa hiyo tusikimbilie fulana ya bei ya chini, tutashindwa na Dhaka asubuhi tu. Mashuka na sare za mahoteli yetu, kanga zinazochapwa hapahapa, nguo za oda ndogo zenye ufundi: huko ndiko kwenye nafasi. Morisi, kisiwa kisichokipita Unguja kwa mbali, kilipitisha sheria yake ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1970, kikawapokea watu wa Hong Kong, na papo hapo matajiri wake wa sukari wakaingiza fedha zao. Mishahara ilipopanda, Floreal ya Morisi ilipeleka ushonaji Madagaska. Wamorisi wakawa wao wawekezaji wa kigeni.

Wapo wanaohofu kwamba tukiweka masharti mwekezaji atahamia Mombasa. Lakini msamaha wa kodi anaopewa Fumba ni fedha ya umma, na anayetoa fedha ana haki ya kutaja anachonunua. AGOA yenyewe ilimalizika Septemba 2025 bila kuongezwa kwa wakati, kwa hiyo kiwanda kilichojengwa juu ya ushuru wa Marekani pekee hakina uhakika wa kukaa. Mkataba utaje ni wasimamizi wangapi watakuwa Wazanzibari ifikapo mwaka wa tatu, patani zitachorwa Unguja au ng'ambo, na ni vijana wangapi wa mafunzo ya amali wataketi kwenye meza ya kupanga bei. Kisha majibu ya mambo hayo matatu yapelekwe Baraza la Wawakilishi kila mwaka, kabla msamaha haujaongezwa.