Fahamu: Mwanga unavyofichua ndizi iliyoumizwa na baridi

Ndizi mbichi, ziwe za Sirisia nchini Kenya au za kwingineko, huumia zikihifadhiwa chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Friji ya nyumbani huwa na nyuzi 4! Ganda hugeuka kijivu, na tunda haliivi vizuri.

Kwa nini macho hayatoshi?

Baridi huharibu kwanza utando wa seli. Madoa hujitokeza baadaye, mara nyingi tunda likisharudi kwenye joto, mchuuzi wa soko la Chwele akiwa amekwisha kulipa. Hasara hiyo inauma.

Mwanga hufanyaje kazi?

Tunda humulikwa, kisha kamera hupima miale inayorudi, ikiwemo ya infraredi tusiyoiona. Klorofili, yaani rangi ya kijani ya ganda, nayo hutoa mng'ao hafifu, ambao hubadilika tunda likiumia. Halikatwi wala kubonyezwa.