Maji Wanayoyaombea

Mkulima wa Kipokomo katika delta ya Mto Tana ana dua ngumu. Anaomba mto ufurike, kisha anaomba usipitilize. Maji yasipopanda kingo, mabonde ya mpunga hayapati tope jipya na mwaka huo ni wa njaa. Yakizidi, yanachukua migomba, mahindi na kuta za udongo. Anayepokea heri na balaa kutoka mto mmoja hawezi kuwa na imani ya juujuu, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kulielewa kuhusu Wakristo wa Garsen na vijiji vinavyoizunguka.

Ukristo wenyewe uliingia huku kwa misiba. Mei 1886, Mchungaji John Houghton wa misheni ya Kimethodisti ya Golbanti aliuawa pamoja na mkewe katika uvamizi wa Wamaasai. Mwaka uliofuata wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani wakaanza kazi Ngao. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alijifunza Kipokomo hadi akakitafsiria Agano Jipya. Baadaye kazi ya Wajerumani ikaangukia mikononi mwa Wamethodisti, na hadi leo kanisa hilo ndilo lenye mizizi mirefu zaidi sehemu ya chini ya mto. Wapokomo wa juu ya mto walishika Uislamu zaidi. Wa chini wamechanganyika, tena ndani ya ukoo mmoja: shangazi yuko kwaya, mjomba yuko msikitini, na kwenye matanga wote wanakaa mkeka mmoja.

Yapo yaliyopotea. Ngadji, ngoma kubwa iliyokuwa siri na fahari ya wazee, ilichukuliwa na wakoloni na sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Lakini gasa, baraza la wazee, halikufa. Mpokomo anaweza kuwa mzee wa kanisa na bado akaheshimu neno la gasa katika ugomvi wa shamba, wala haoni kwamba anatumikia mabwana wawili.

Nguvu ya imani hii haionekani sana kwenye mahubiri. Itafute siku maji yanapopanda. Watu wa delta wana kumbukumbu ndefu: El Niño ya 1997 na 1998, iliyobomoa hata matuta ya mradi mkubwa wa mpunga wa serikali; mafuriko ya 2018; ya Novemba 2023, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilipokatika; kisha ya 2024, kabla watu hawajavuta pumzi. Kila mara utaratibu ni uleule. Mitumbwi inatangulia kuvusha wazee, wagonjwa na watoto, halafu sufuria, kuku na mbegu. Shule na makanisa yaliyo mwinukoni yanageuka malazi. Akina mama wa vikundi vya kanisa wanaweka chungu kimoja, na anayekuja na bakuli haulizwi anasali wapi. Usiku kuna kuimba. Wapokomo ni watu wa wimbo: hata wimbo wa taifa wa Kenya, unaomwita Mungu nguvu, ulijengwa mwaka 1963 juu ya sauti ya wimbo wao wa kubembeleza mtoto, uliotolewa na Mzee Meza Galana. Nchi nzima husimama wima kwa sauti ambayo mama wa Tana aliitumia kumlaza mwanawe.

Hata hivyo, kuna mahubiri nisiyoyapenda. Ni yale yanayomwambia aliyepoteza nyumba kwamba mafuriko ni adhabu ya dhambi zake. Maji hayo yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, yanapitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na mabwawa yakijaa yanamwagika kuja huku chini. Ayubu alikaa majivuni akisimangwa na marafiki wa namna hiyo, na Mungu hakuwaunga mkono.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja bila maji. Kuanzia Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, Wapokomo na Waorma, majirani wao wafugaji, waliuana Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Waliokufa walizidi 100, wakiwemo wanawake na watoto wengi. Havikuwa vita vya dini. Chanzo kilikuwa malisho, njia za mifugo kufika mtoni na mipaka ya mashamba. Lakini Mkristo asijifiche nyuma ya neno hilo. Kuvumilia gharika ni rahisi kuliko kumsalimu sokoni mtu ambaye wa kwao walichoma nyumba yenu. Waliorudia kuuziana maziwa na ndizi pale Garsen, pole pole na kwa macho ya wasiwasi, walifanya kazi ya imani zaidi kuliko mikutano mingi ya maombi.

Naipima imani kwa matendo namna hii kwa sababu jirani, katika Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Wale nao walitafuta nguvu katika shida. Tofauti iko kwenye chungu: imani ya Tana humlisha mwenye njaa, ile ya Shakahola ilimnyima chakula hata mtoto.

Kwa hiyo msomaji, na hasa wewe mwenye kanisa Nairobi au Mombasa linalochanga kila mafuriko yakitangazwa, nguo kuukuu sasa basi. Maji yakianza kushuka, ardhi inabaki na unyevu kwa muda mfupi tu. Pelekeni mbegu za mahindi, kunde na mpunga wiki hizo, si baada ya tope kukauka. Na mnapowaombea watu wa Tana, waombeeni maji pia, kwa kipimo chake.